Karai la Mafuta Saa Sita Usiku

Muulize mwenye kibanda cha chipsi kwa nini dogo wake, yaani kijana wake wa kazi, amefungwa bandeji mkononi. Kuanzia Tandika mpaka Tegeta jibu ni lile lile: "Uzembe tu. Kila siku namwambia awe makini." Kisha anamgeukia mteja, habari imekwisha.

Jibu hilo limenichosha. Mimi si daktari wala mkaguzi wa serikali, mimi nauza viazi. Alfajiri kirikuu yangu, kale kagari kadogo ka mizigo, inavisambaza kwenye vibanda na kwa akina mama ntilie, viazi vya Njombe na vya Mbeya, na usiku nazunguka tena kukusanya hela, maana biashara yetu ni ya mali kauli: chukua sasa, lipa ukishauza. Kwa hiyo naviona vibanda hivi nyakati mbili ambazo mteja hayupo, kabla moto haujawashwa na wakati unazimwa. Na nimegundua jambo moja: vijana ninaowajua walioungua vibaya, wengi wao hawakuungua wakati wa kukaanga. Waliungua wakati wa kufunga.

Kibanda cha kawaida hapa Dar es Salaam kina jiko la mkaa la chuma linalofika kiunoni, na juu yake karai lenye lita nane au kumi za mafuta. Pembeni kuna kabati la kioo la chipsi na kuku, meza ya kachumbari, jiko dogo la mishikaki, na ndoo mbili tatu chini. Watu watatu wakisimama humo, wa nne hana pa kuweka mguu. Ikifika saa sita usiku, au saa saba siku ya mechi ya Simba na Yanga, mambo matatu yanakutana. Bosi hataki mafuta yabaki pale, kwa sababu ni ghali na yakilala nje yataibiwa. Dogo amesimama tangu asubuhi, hana anachokitaka zaidi ya kulala. Na mafuta yenyewe bado ni ya moto, maana mteja wa mwisho ameondoka na zege lake, yaani chipsi mayai, sasa hivi tu.

Basi dogo anafanya anachofanya kila siku. Anakunja matambara mawili, anashika masikio ya karai, analinyanyua kutoka jikoni, anageuka, anapiga hatua mbili tatu hadi kwenye ndoo au dumu. Chini kuna maji ya viazi na matone ya mafuta. Miguuni ana kandambili. Tambara moja limelowa, na tambara lililolowa linapitisha joto haraka kuliko kavu, kwa hiyo mkono mmoja unaanza kuungua kabla ya mwingine. Mkono huo ukilegea, karai linainama upande wake. Hapo umwambie nini? Awe makini? Makini yake yote ameshaitumia kutofumba macho.

Akifika salama kwenye dumu, mtego wa pili unamsubiri. Maji yakichemka hayazidi nyuzi 100. Mafuta ya kukaangia chipsi hufika 170, hata 180, na saa nzima baada ya moto kuzimwa bado yanaweza kukuunguza. Madumu mengi tunayoyatumia ni ya plastiki inayoyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi. Nimewahi kuona dumu limemiminiwa mafuta mapema mno, likalegea kiuno kama mlevi, likalala ubavu, mafuta yakatambaa mpaka barabarani. Usiku ule bahati ilikuwa upande wetu, hapakuwa na mguu wa mtu mbele yake.

Sasa, hawa madogo ni akina nani? Wengi ni wa msimu. Kidato cha nne wanamaliza mtihani Novemba, matokeo yanatoka Januari, waliochaguliwa kuendelea na kidato cha tano wanaripoti kama Julai. Katikati hapo kuna miezi ya kukaa nyumbani, na nyumbani kwenyewe wadogo zake wanahitaji sare na madaftari. Kijana wa miaka 16 au 17 anakwenda kwa mjomba mwenye kibanda, au analetwa kutoka mkoani na shangazi mwenye mgahawa. Wengine ni wadogo zaidi, wamemaliza la saba wakaishia hapo.

Watu wanaofuatilia usalama kazini wanajua siku nyingi kwamba mwezi wa kwanza kwenye kazi mpya ndio wenye ajali nyingi, uwe na miaka 16 au 46. Kibanda kinachobadilisha dogo kila baada ya miezi michache maana yake kila mara kina mtu aliye kwenye mwezi wake wa kwanza. Na mafunzo anayopewa ni ya dakika kumi: mkaa uko hapa, chumvi iko hapa, chipsi kavu bei hii, mayai bei hii, mteja akitaka pilipili usimnyime. Karai hata halitajwi. Karai atalijua mwenyewe.

Kuna kitu kingine ambacho sisi wenyewe tunakifahamu vizuri ila hatukisemi. Dogo huyu bosi wake ni mjomba. Anamwamkia shikamoo asubuhi, anakula kwake, analala kwake. Mjomba akimwambia "toa karai", atasemaje kwamba linamshinda? Ukimuuliza "umeelewa?" atajibu "ndiyo", na ukimuuliza "utaweza?" atajibu "nitaweza", kwa sababu kujibu vingine ni utovu wa adabu. Kumuuliza mtoto wa kwetu kama ameelewa ni kupoteza muda. Mwambie akuonyeshe. "Hebu nionyeshe utakavyotoa mkaa." Hapo utaona anashika koleo kinyume, au anainama uso wake ukiwa juu ya mafuta, na utamrekebisha moto ukiwa bado haujawashwa. Mama mmoja ninayemuuzia viazi Mwananyamala anafanya hivyo kwa kila kijana mpya: siku mbili za kwanza karai lina maji baridi, na kijana anarudia kila kitu, kutumbukiza, kuchota kwa kijiko cha matundu, kuchuja, mpaka mkono uzoee. Majirani wanamcheka kwamba anakaanga maji. Kwake sijawahi kuona bandeji.

Kuhusu sheria, nilikuwa nadhani vibanda vyetu haviko kwenye sheria yoyote. Viko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kwa Tanzania Bara, inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Mwenye miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha masomo. Na wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuajiriwa mahali ambapo mazingira ya kazi yanahesabiwa kuwa ya hatari, na sheria imetaja waziwazi kwamba hata sehemu zisizo rasmi zimo. Aliyeiandika alikuwa anatujua.

Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inasema mtoto, yaani yeyote wa chini ya miaka 18, asifanyishwe kazi usiku, na usiku wenyewe imeutaja kwa saa: kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Soma saa hizo ukiwa umesimama mbele ya kibanda cha chipsi. Saa mbili usiku ndipo foleni inapoanza! Muda wote ambao biashara hii inaingiza hela ni muda ambao kijana wa kidato cha nne hatakiwi kuwepo. Kwa hiyo ukimkuta dogo wa miaka 16 na karai saa sita usiku, sheria imeshavunjwa kabla hajaligusa.

Wenye vibanda wananijibu kwamba huyo si mfanyakazi, "ananisaidia tu". Hilo nalo lina jibu lake. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inasema mtu aliyekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa wako, mpaka uthibitishe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi! Dogo wa kibanda anazimaliza kabla wiki haijaisha. Na mwajiri, awe mkubwa au mdogo, anatakiwa kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule ulioanza kazi mwaka 2015 chini ya sheria ya 2008, ili mtu akiumia kazini alipwe matibabu na fidia. Kwa madogo ninaowaona, fidia ni bodaboda ya kwenda hospitali, halafu nauli ya basi ya kurudi kwao.

Naandika haya nikijua mkaguzi wa usalama hawezi kufika kila kibanda cha jiji hili. Hata angefika, sitaki vibanda vifungwe. Vikifungwa mimi viazi nitamuuzia nani, na yule kijana ada yake itatoka wapi? Ninachotaka ni kuona kazi imegawanywa kwa akili: dogo amenye viazi, aoshe, akate kachumbari, apokee hela, apeleke sahani, kisha saa mbili aende nyumbani. Karai lishikwe na mtu mzima.

Binamu yangu anaishi Texas, na kijana wake wa miaka 15 alipata kazi kwenye mgahawa wa baga. Nilimpigia kumuuliza, nikitegemea kusikia habari za mitambo ya ajabu. Akanieleza mambo ambayo hayahitaji mtambo wowote. Sheria ya kazi ya serikali kuu ya Marekani inasema mtoto wa miaka 14 au 15 hakaangi kwenye mafuta, isipokuwa kama kikaango kinashusha na kupandisha kikapu chenyewe. Siku ya shule anafanya kazi saa tatu tu, na ikifika saa moja jioni anaondoka, ila wakati wa likizo ya kiangazi anaruhusiwa hadi saa tatu usiku. Mashine ya kukatia nyama haigusi mpaka afike miaka 18, na hapa nilisikiliza mara mbili: haruhusiwi hata kuiosha. Wamejua kwamba kidole kinakatika wakati wa kusafisha kama kinavyokatika wakati wa kukata.

Kisha akanitajia kifungu ambacho ni kana kwamba kiliandikwa kwa ajili ya Tandika. Kijana wa umri huo anaruhusiwa kuchuja, kubeba na kumwaga mafuta yaliyotumika, ila tu kama joto lake halizidi nyuzi 100 za Fahrenheit. Kwa hesabu zetu ni kama 38, yaani joto la mwili wa mtu mwenye homa kidogo. Si "kuwa makini unapobeba". Ni usibebe mpaka yapoe. Waliotunga kifungu hicho waliona nilichokiona mimi, kwamba hatari inakuja mafuta yanapohama.

Nisije nikaonekana namsifia Mmarekani kupita kiasi. Mwaka 2023 Idara ya Kazi ya kule iliwatoza faini ya zaidi ya dola 212,000 wamiliki watatu wa matawi ya McDonald's, baada ya kukuta watoto zaidi ya 300 wanafanya kazi kinyume cha sheria. Kwenye tawi moja la Louisville, Kentucky, mji wenye Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili kama sisi, walikutwa watoto wawili wa miaka 10, mmoja akiwa anatumia kikaango cha mafuta. Miaka 10! Kumbe sheria nzuri bila mtu wa kuifuata inafanana kila mahali. Kama una ndugu huko ambaye mwanawe ameanza kazi ya jikoni, mwambie aulize mambo matatu: mafuta, mashine ya nyama, na saa ya kutoka.

Turudi kwetu. Tuseme limeshatokea, mafuta yamemwagika mkononi au mguuni. Hapa ndipo naona uharibifu wa pili, na unafanywa na watu wenye upendo. Mmoja anakuja na dawa ya meno, mwingine na yai bichi, mwingine asali, mwingine unga wa ngano. Niliwahi kumwona kijana mguu wake umepakwa vyote viwili, yai na unga, kana kwamba wanataka kumkaanga tena. Muuguzi alitumia muda mrefu kuvibandua, na kila alichobandua kiliondoka na ngozi.

Kinachotakiwa ni maji. Maji ya kawaida, safi, yanayotiririka, dakika 20 kamili. Si barafu, maana barafu nayo inaidhuru ngozi iliyoungua. Nguo iliyolowa mafuta ivuliwe mara moja, kwa sababu inaendelea kupika ngozi iliyo chini yake. Ikiwa imegandia, usiivute. Pete, saa na bangili zitoke kabla mkono haujavimba. Malengelenge yasipasuliwe. Baada ya maji, funika kwa kitambaa safi kisha hospitali, hasa kama ni uso, mikono, miguu, sehemu za siri au kwenye maungio, au kama palipoungua pamezidi kiganja cha mgonjwa mwenyewe. Hata kama mmechelewa, maji ndani ya saa tatu za mwanzo bado yanasaidia.

Utaniambia kibandani hakuna bomba. Kweli. Lakini zile ndoo za koki tulizonunua wakati wa Korona ziko wapi? Nyingi zimegeuzwa za kuhifadhia unga. Ndoo ya lita 20, koki ukiifungua kidogo itoke lita moja kwa dakika, ni dakika 20 kamili. Iwe imejaa muda wote, pasiwe na mtu wa kuiazima kuoshea viazi.

Na vidonda vya mikono msivipuuze kwa sababu vimefunga. Kovu la kuungua hujikaza linapopona, na kijana asipofanyishwa mazoezi ya vidole anaweza kubaki na mkono usiofunguka vizuri. Ana miaka 17, na mkono huo ndio atakaoshikia kalamu, usukani au nyundo miaka 40 ijayo.

Moto ukishika mafuta yenyewe, usimwage maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama chini, yanageuka mvuke ghafla na kutanuka mara 1,700 hivi, na mafuta yanayowaka yanarushwa juu, usoni kwako na kwenye paa la turubai. Ni kwa sababu hiyo hiyo viazi vibichi vinatakiwa vichujwe maji vizuri, na mafuta yasizidi nusu ya karai. Moto unafunikwa. Na hapa jiko la mkaa lina ubaya wake: gesi unafunga, mkaa hauna swichi. Bila mfuniko mkubwa kuliko karai, ulio jirani na mkono, huna cha kufanya zaidi ya kukimbia na kupiga 114, Zimamoto.

Mengine nayapitia haraka, si kwamba ni madogo.

Ile mashine ya mkono ya kukatia viazi, ya kuvuta mpini kushuka chini, inakata vidole kwa namna moja: kiazi kimekwama kwenye wavu wa visu, dogo anakisukuma kwa kidole. Kisukumwe kwa kiazi kingine. Ninavyo vingi, nitawaletea vya bure vya kazi hiyo.

Gunia la lumbesa. Kisheria gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, na bado nakutana na yaliyovimba juu kwa kushonewa kilemba. Hata kilo 100 zenyewe si za mgongo wa kijana anayekua. Mimi nawapimia vibanda kwenye viroba vidogo, na dereva wangu anavishusha mwenyewe.

Kulala kibandani na jiko. Hili linaua bila kelele. Dogo aliyeachwa kulinda anaingiza jiko ndani usiku wa mvua apate joto, anashusha turubai, analala. Mkaa unaoelekea kuzima unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na anayeivuta usingizini haamki. Jiko libaki nje, hata kama mvua italiharibu.

Gesi inakuja kwa kasi, na serikali inaisukuma: mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameingia humo ifikapo 2034. Naunga mkono, macho ya madogo yamechoka na moshi. Ila gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini, miguuni, jirani kabisa na jiko la mishikaki. Kuvuja kunatafutwa kwa povu la sabuni kwenye mpira na kwenye kichwa cha mtungi. Kuna mtu bado anatafuta kwa kiberiti.

Na wasichana wanaopeleka sahani baa za jirani usiku wana hatari zao ambazo bandeji haizifungi. Hilo linataka makala yake.

Sasa fedha, kwa sababu najua ndiyo inayoamua. Nilipoanza kuzungumza na wateja wangu, wengi walinielewa vizuri sana mpaka nilipofika kwenye kutohamisha mafuta. "Yataibiwa, dada." Nikaona hapo ndipo penye fundo. Ukimpa bosi hotuba kuhusu usalama wa mtoto atakubali kwa kichwa na kuendelea. Ukimtatulia wizi wa mafuta, mtoto anapona.

Mmoja wao, tunamwita Anko, ana kibanda karibu na kituo cha daladala. Alimpeleka fundi wa kuchomelea akamtengenezea vitu viwili. Cha kwanza ni pete ya chuma juu ya jiko, karai linazama ndani yake, hata ukiligonga kwa kiwiko haliendi popote. Kabla ya hapo lilikuwa limekalia vipande vitatu vya nondo na kutikisika kila mtu akipita. Cha pili ni mfuniko wa bati nene, mpana kuliko karai, wenye mpini wa mbao na masikio mawili ya kupitishia komeo na kufuli. Jiko lenyewe amelifunga mnyororo kwenye nguzo. Mfuniko huo unazima moto ukishika, unazuia paka, na unamzuia mwizi. Hela aliyotoa, kwa maelezo yake mwenyewe, haifiki bei ya dumu la lita 20 la mafuta.

Utaratibu wake wa kufunga umebadilika. Saa nne usiku viazi havitumbukizwi tena, kinauzwa kilichomo kabatini. Mkaa unatolewa kwa koleo la mpini mrefu na kuwekwa kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga. Karai linabaki palepale, linafunikwa, linafungwa kufuli. Kuchuja mafuta ni asubuhi, yakiwa baridi, na asubuhi hata kijana anaweza kuchuja. Viatu vya kufunika miguu ni lazima kwa kila anayevuka mstari alioupaka rangi chini, mimi nikiwemo. Siku ya kwanza alinirudisha kwa sababu ya ndala zangu. Vijana wake wawili wa chini ya miaka 18 wanaondoka saa mbili, na amemchukua kaka mmoja wa miaka 24 wa kukaanga jioni.

Nilimuuliza kama anapata hasara. Akasema ndiyo, kidogo. Kaka wa kukaanga anataka mshahara wa mtu mzima, na wale wateja wa saa tano, madereva wa bodaboda na watu wanaotoka baa, hawali chipsi zilizokaa kabatini. Wamehamia kwa jirani yake ng'ambo ya barabara, anayekaanga mpaka saa saba. Mwezi uliopita Anko alinilipa deni la viazi nusu nusu, mara mbili. Sikumsumbua. Siwezi kumwambia mtu afunge mapema halafu nimkabe koo kwa hela ya usiku.

Yule jirani naye ni mteja wangu, na ananunua viroba vingi zaidi siku hizi. Kijana wake ana kama miaka 15. Juzi nilimgusia habari ya mfuniko, nikamwambia na fundi nitamleta mwenyewe. Akanihesabia hela yangu yote, taslimu, akanitazama usoni: "Dada, wewe niletee viazi. Karai niachie mimi."

Kesho napita tena, saa kumi na moja alfajiri, na fundi yumo kwenye gari.